Makanya kwa masikio: hedifoni nzuri kwa mwenye mkwanja mdogo

Kama umewahi kupanda basi la Dar kwenda Moshi au Arusha, basi Makanya umeshafika, ila hujui tu. Wengi wenu mnaipita mmelala, midomo wazi, shingo imelala bega la jirani. Basi likishaacha Mombo, likapita Mkomazi na Hedaru, kabla hujaona Same mjini, kuna mji mdogo umejipanga kando ya lami. Mkono wa kulia Milima ya Upare imesimama kama ukuta. Mkono wa kushoto ni uwanda mkavu mpaka macho yanachoka. Mkonge upo, vumbi lipo, na reli ya Tanga hadi Moshi, waliyoijenga Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nayo inapita huko huko. Hapo ndipo Makanya.

Wiki hii safu yako inatoka huko, mpenzi msomaji, na habari yenyewe ni hedifoni. Usicheke. Najua unasema, kijana ametoka Dar, ameiacha Kariakoo na maduka yake yote ya simu, anakwenda kutafuta hedifoni Upareni? Tulia nikupe mpango mzima.

Mjini tunanunua hedifoni kama tunavyonunua viatu. Tunataka tuonekane. Unaivaa shingoni hata kama haina pini, unapita kijiweni, washkaji wanakukubali. Makanya hakuna wa kumzuga. Pale kuna jua, upepo, vumbi, kelele na pesa ngumu. Hedifoni ikivumilia Makanya, Manzese na Buguruni itakuwa inapumzika.

MJI UNAOPIGA KELELE

Ukishuka kwenye basi, kitu cha kwanza siyo mandhari, ni sauti. Malori ya mizigo yanapita mchana na usiku, kwa sababu hiyo ndiyo njia kuu ya kaskazini. Wauzaji wanakimbilia madirisha ya mabasi wakiita bei. Upepo wa uwandani ukianza kuvuma, mabati yanaitikia. Kwenye mkonge kuna korona, ile mashine inayokamua majani ili zibaki nyuzi, na mtu aliyeizoea korona huongea kwa kupiga kelele hata akiwa msibani.

Halafu kuna jasi. Kama hujui jasi ni nini, tazama ukuta wa nyumba yako. Jasi ni yale madini meupe yanayosagwa pamoja na saruji kidogo kidogo ili isigande haraka, fundi apate muda wa kupiga plasta. Makanya ni moja ya sehemu zinazojulikana nchini kwa jasi, na vijana wengi wa pale wameonja kazi hiyo, wa kuchimba, wa kupakia, wa kuendesha malori. Jioni wanarudi weupe kama wamemwagiwa unga.

Ajabu ni kwamba juu kidogo tu mambo ni tofauti kabisa. Panda kuelekea Suji au Chome, unakuta migomba, baridi na ukungu, na kilele cha Shengena chenye mita 2,462 ndicho kirefu kuliko vyote Upareni. Mvua inaishia huko huko juu, Makanya inabaki kuitazama. Ndiyo maana wazee wetu walibuni ndiva, mabwawa madogo ya kukinga maji ya vijito. Maji yanaingia kidogo kidogo usiku kucha, asubuhi ndiva inafunguliwa, mifereji inajaa, mashamba yanakunywa. Shika hilo neno ndiva, tutalirudia tukifika kwenye mambo ya pesa.

ELFU 30 ZA DOGO

Nilifikia kwa mama mkubwa. Baada ya shikamoo na marahaba, na chai, na kuulizwa kwa nini nimekonda, mashtaka yakaanza.

"Mwanangu, huyu mdogo wako amekuwa kiziwi. Namwita mara tatu, haitiki. Masikioni ana vile vijiwaya vyake. Hebu mwambie wewe, labda atakusikia."

Mdogo wangu huyu anafanya kibarua kwenye jasi. Fomu foo alimaliza, matokeo hayakukaa vizuri, na mwaka huu anataka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana anachimba, usiku anasikiliza masomo kwenye simu. Rafiki yake wa mjini humrekodia vipindi vya masomo ya ziada, Kemia, Bayolojia na Kiingereza, kisha anamtumia. Chumba wanalala watatu, kwa hiyo kufungulia simu sauti ya nje ni ugomvi. Bila vijiwaya hakuna shule.

Tatizo ni hivyo vijiwaya vyenyewe. Alivinunua kwa machinga kwa elfu 2. Sikio la kushoto limekata. Lililobaki linatoa sauti kama ya bati, mwalimu akisema "asidi" wewe unasikia "hasidi". Ili amwelewe mwalimu, dogo anafungulia hadi mwisho. Akivivua masikio yanalia "wiiii" mpaka usingizi umchukue. Mama mkubwa anadhani ni kiburi. Mimi nikasema hapa kuna jambo.

Mfukoni dogo alikuwa na shilingi elfu 30. Hizo ndizo alizokuwa anazichanga kwa ada ya mtihani. "Bro, nikinunua hedifoni ya maana, ada sina. Nikilipa ada, sina cha kusomea. Unanishauri nini?"

Haya, msomaji wangu, hapo ndipo utaona kwamba kuchagua hedifoni siyo mambo ya usharobaro. Tukapanda gari kwenda Same mjini, na nitakueleza tulivyochagua, hatua kwa hatua, uje uitumie nawe popote ulipo.

AINA TATU, JOTO MOJA

Hedifoni za kawaida ziko za aina tatu. Kuna zile kubwa zinazofunika sikio zima. Kuna zile ndogo za plastiki zinazoning'inia mlangoni mwa sikio, mfano wa zile tulizokuwa tunapewa ndani ya boksi la simu. Na kuna za kuchomeka ndani ya sikio, zenye vimpira laini mbele.

Zile kubwa ni tamu kwa mtu anayekaa ndani kwenye feni. Ila kwa bei ya chini, ngozi yake ni ya bandia na inaanza kubanduka, unatembea na vipande vyeusi mashavuni. Kwa joto la Makanya masikio yanatoka jasho kama yamevalishwa sweta. Tena mtu wa kusoma amejilaza kwa ubavu hawezi kuzivaa.

Zile za mlangoni ni nyepesi, lakini hazizibi. Lori likipita, mwalimu wa Kemia amekwisha. Utapandisha sauti, lori jingine litakuja, utapandisha tena.

Kwa mwenye pesa ndogo, za kuchomeka ndani ndizo mkombozi. Sababu ni rahisi. Kimpira kikikaa sawasawa kinaziba tundu la sikio, kelele za nje zinapungua, na besi haivuji. Spika ndogo tu inatosha kukupa muziki uliojaa. Ndiyo maana ndani ya pakiti ya maana unakuta vimpira vya saizi tatu. Usivitupe! Jaribu vyote. Watu wengi wanailaumu hedifoni kwamba haina besi, kumbe kimpira ni kidogo na hewa inapita. Masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kutaka saizi tofauti, usione aibu.

WAYA AU BLUETOOTH?

Muuza duka wa kwanza alitutolea kubwa moja ya Bluetooth, ina mataa ya buluu na nyekundu, inawaka kama disko la miaka ile. Elfu 28. Dogo macho yakamtoka. Nikamvuta pembeni.

Hesabu yake iko hivi. Ukinunua ya waya ya elfu 12, pesa karibu yote imekwenda kwenye spika, waya na maiki. Ukinunua ya Bluetooth kwa bei ya chini, pesa yako imegawanywa: betri, chipu, antena, tundu la chaji, na hayo mataa. Kinachobaki kwa ajili ya sauti ni makombo. Halafu betri ya lithiamu inazeeka, baada ya muda inakaa na chaji saa mbili, baadaye saa moja, mwisho inakuwa urembo. Na zile nyingi za rahisi huchelewesha sauti kidogo, ukitazama sinema mtu anafumba mdomo ndipo neno linafika.

Simu ya dogo ina tundu la pini, kwa hiyo waya ulikuwa halali yake. Wewe angalia simu yako kwanza. Tangu Apple walipoondoa tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kampuni nyingi zimefuata, hasa kwenye simu za bei mbaya. Simu nyingi za bei ya kati na chini bado zinalo. Kama yako haina, tafuta hedifoni yenye pini ya USB-C. Bluetooth siyo dhambi, ina raha yake kwa mtu wa mazoezi na wa kukimbia. Ila ukitaka ya kila kazi kwa pesa ndogo, muziki, masomo, kupiga simu na sinema, waya bado ni mfalme.

Kwenye boksi utakuta namba. Usizikimbie. "Omu" ni ukinzani wa umeme. Kwa simu, tafuta kati ya 16 na 32. Ziko za studio za omu 250, hizo zinataka amplifaya, ukizichomeka kwenye simu zitanong'ona tu. Ile ya "hezi 20 hadi 20,000" isikubabaishe, ndiyo mipaka ya sikio la binadamu, na karibu kila boksi limeandika hivyo, liwe zima au kimeo.

KIPIMO CHA KWAYA

Sasa sikiliza siri ambayo hutaambiwa dukani. Usiijaribu hedifoni kwa wimbo wa muuzaji. Yeye amechagua wimbo wenye besi ya kubomoa ukuta, kila kitu kinasikika kizuri hapo. Njoo na sauti zako tatu kwenye simu.

Ya kwanza, sauti ya mtu anayeongea. Msomaji wa habari, mhubiri, mwalimu. Maneno yawe safi, "s" isichome sikio, "b" isigeuke ngoma. Kama mazungumzo hayaeleweki, ondoka.

Ya pili, kwaya. Upareni kwaya ni maisha, kwa Wasabato na kwa Walutheri, kwa hiyo dogo alikuwa nayo tele. Sikiliza kama unaweza kuzitenga sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Hedifoni mbovu inazikoroga kama uji. Nzuri inakuonyesha kila mmoja alipo, hadi yule wa sauti ya nne anayejikohoza.

Ya tatu, muziki wenye vyombo vingi. Mimi nilitumia dansi la Sikinde, kwa sababu magitaa yale yanapishana kama watu wa sokoni. Ukilisikia gitaa la ridhimu nyuma ya solo, na besi inatembea bila kuwafunika waimbaji, hapo umepata. Wapenzi wa Bongo Fleva ongeza na wimbo wako, sikukatazi. Ila uwe unaujua nje ndani.

Ukimaliza, shika waya karibu na pini, ukunje taratibu huku wimbo unalia. Ikikatakata, rudisha. Fanya hivyo hivyo pale waya unapogawanyika na pale unapoingia masikioni. Jirekodi kwa maiki, ujisikilize. Hakikisha kushoto ni kushoto na kulia ni kulia. Muuzaji akinuna, mwache anune, pesa ni yako. Watani zetu Wachaga husema Wapare ni wabahili, na siku hiyo nilikubali sifa hiyo kwa moyo mkunjufu.

MAJINA MAKUBWA, BEI NDOGO

Feki zimejaa, tusidanganyane. Ukiona jina kubwa la Japani au Marekani linauzwa kwa bei ya sahani mbili za chipsi mayai, jiulize nani amekupenda hivyo. Soma boksi. Herufi moja imeruka? Maandishi yana makosa? Waya mwepesi kama uzi wa kushonea? Acha. Baadhi ya kampuni huweka kibandiko cha kukwangua chenye namba ya kuhakiki, kitumie kabla hujatoa pesa.

Na siyo lazima jina liwe la Ulaya. Kuna Oraimo, ndugu yao Tecno, itel na Infinix, wote wa nyumba moja ya Transsion ya China, na wanalenga mfuko wetu huu huu. Kuna Wachina wengine kama KZ, ambao waya wa hedifoni zao nyingi unachomoka, ukikatika unanunua waya tu. Na kama unadhani kitu kizuri lazima kiwe kipya, wenzetu Wamarekani wa Koss walitoa Porta Pro mwaka 1984 na bado wanaiuza, umbo lile lile. Kitu kizuri hakizeeki haraka.

Feki yenye jina kubwa ni mbaya kuliko ya kawaida isiyojigamba. Hiyo ya pili angalau haikutozi pesa ya nembo.

FUNDI NI SEHEMU YA BEI

Tuliporudi Makanya tulipita kwa fundi redio, mzee mmoja mwenye meza chini ya mti. Aliitazama hedifoni yetu mpya, akaivuta waya, akasema, "Hii ikikatika niletee." Hilo neno, ndugu zangu, ni dhamana kuliko karatasi ya dukani.

Akatufundisha. Hedifoni nyingi hufia kwenye pini, pale inapokunjwa kila siku, wakati spika zake ni nzima kabisa. Ndani ya waya kuna nyaya nyembamba zilizopakwa rangi, na hiyo rangi ni kizio. Fundi wa haraka anaunganisha bila kuichoma, umeme haupiti, anakuambia imekufa. Fundi wa kweli anaichoma kwanza, anapaka risasi, ndipo anaunga pini mpya. Kwa hiyo unaponunua, jiulize: huku kwetu kuna mtu wa kuitengeneza? Ya waya jibu ni ndiyo karibu kila kijiji. Ya Bluetooth ya bei chee, mzee alicheka tu.

Kuhusu vumbi la jasi, dawa ni kifuko. Kitambaa chochote kinafaa. Usiiache mfukoni na mawe. Izungushe mviringo mpana, usiifunge kwenye simu kama kamba ya mbuzi. Vimpira vioshe kwa maji na sabuni, vikauke, ndipo urudishe.

MASIKIO HAYAUZWI DUKANI

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 mtu mzima anaweza kuisikiliza salama saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Umeona inavyoanguka? Na shirika hilo hilo linasema vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako hatarini kupoteza usikivu kwa mtindo huu wa kusikiliza. Ile "wiiii" ya usiku ni sikio linalalamika. Vinyweleo vya ndani vinavyopokea sauti vikifa, havioti tena. Hakuna fundi wa chini ya mti kwa hiyo kazi.

Ndiyo maana nasema hedifoni nzuri hainunuliwi kwa kelele inazotoa, inanunuliwa kwa kelele inazozuia. Ikiziba vizuri na maneno yakiwa safi, unasikia kila kitu sauti ikiwa nusu. Mbovu inakulazimisha upandishe. Ukiokoa elfu kumi leo ukapoteza sikio, umenunua kitu ghali kuliko vyote dukani.

Na sikia onyo hili, hasa nyie wa bodaboda na wapenda kutembea kando ya lami. Hedifoni inayoziba ni ya kitandani, ya ndani ya basi, ya barazani. Barabarani ivue, yote miwili, siyo moja. Makanya lori linakuja kwa kasi kutoka Hedaru, na kwenye reli treni ya abiria ya kaskazini ilirudi mwaka 2019 baada ya miaka mingi ya ukimya. Vyote viwili vinapiga honi. Honi ni ya mwenye masikio wazi.

MWISHO WA HESABU

Tulinunua ya waya, ya kuchomeka, omu 16, ina maiki na vimpira saizi tatu. Elfu 12. Haina taa hata moja. Dogo alibaki na elfu 18, na hizo zimerudi kwenye kopo la ada. Ndiyo ile ndiva niliyokuambia uishike: huwezi kuijaza kwa siku moja, ila usiitoboe kwa ajili ya mataa ya buluu. Kidogo kidogo usiku kucha, asubuhi unafungulia.

Usiku ule alisoma sauti ikiwa chini ya nusu. Mama mkubwa akamwita mara moja tu kutoka jikoni, kwa sauti yake ya kawaida.

"Abee, mama!"

Mama mkubwa akanitazama. "Umempa dawa gani huyu?"

Mtihani wa kidato cha nne huwa Novemba. Ada bado haijatimia, jasi bado ni nzito, sina la kukuahidi kuhusu matokeo. Ninachojua ni kwamba mwalimu akisema asidi, dogo sasa anasikia asidi. Nawe safari ijayo ukiwa kwenye basi la kaskazini, likishapita Hedaru, vua hedifoni dakika mbili, tazama kulia ile milima, sikiliza. Makanya haitaki mkwanja wowote kusikika.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Bana matumizi, usibane masikio!